Sajini Mstaafu na Kiti cha Magurudumu: Kutoka Entebbe Hadi Bandari ya Barcelona

Wahenga walinena kwamba kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Methali hii niliisikia tangu utotoni katika kambi ya polisi nilikokulia, lakini maana yake kamili niliipata nikiwa mtu mzima, safarini, nikitembea nyuma ya kiti cha magurudumu alichoketi baba yangu mzazi. Ndugu msomaji, naomba nikusimulie safari hiyo, kwa kuwa katika nyumba zetu nyingi yupo mzee mwenye goti bovu au askari aliyerudi na jeraha, na huenda kesho naye akatakiwa kupanda ndege.

Baba alilitumikia jeshi la polisi kwa miaka 28, akastaafu akiwa na cheo cha sajini. Katika utumishi huo alipata ajali ya gari, na mpaka leo pajani mwake mna chuma kilichofungwa na madaktari. Hutembea kwa bakora. Kutoka nyumbani hadi dukani hana taabu. Ngazi pia huzipanda, mradi apate mahali pa kushika na asiharakishwe. Kinachomshinda ni mwendo mrefu. Baada ya hatua mia tatu hivi goti huanza kuvimba, naye hunyamaza kimya, maana si mtu wa kulalamika.

Kaka yangu ni muuguzi mjini London. Kwa miaka mitatu alidunduliza fedha ili awapeleke wazazi wetu katika safari ya meli ya watalii, kuadhimisha miaka 50 ya ndoa yao. Meli ingeng'oa nanga Barcelona, nchini Hispania, mwezi wa Septemba mwaka 2024, ipitie Ufaransa na Italia, kisha irudi ilikotoka. Mimi nilipewa kazi ya kuwasindikiza wazee kutoka Entebbe, naye kaka angetungojea Barcelona.

Katika maagizo yake kaka aliandika mambo mawili kwa mkazo. La kwanza, tufike Barcelona siku moja kabla ya meli kuondoka. La pili, Baba aombewe kiti cha magurudumu katika kila kiwanja cha ndege. Baba aliposomewa alikunja uso. Siku ya ziada aliiita ufujaji wa mali. Ama kuhusu kiti, alisema, "Kiti hicho ni cha majeruhi. Mimi ninatembea. Je, nisukumwe mbele za watu kama mkokoteni wa matoke?"

Nilimsihi kwa siku mbili bila mafanikio. Siku ya tatu Mama, aliyekuwa akichambua maharage huku akitusikiliza, aliinua macho na kusema, "Mzee, kikosi chenu kilipoletewa lori, ulilipanda, au ulilikataa kwa sababu una miguu?"

Baba hakujibu. Lakini jioni ile aliniita barazani akasema, "Waandikie. Ila bakora yangu ibaki mkononi."

HERUFI NNE ZENYE UZITO

Watu wengi hudhani kwamba kiti cha magurudumu hupewa asiyeweza kusimama kabisa. Sivyo. Mashirika ya ndege duniani huwagawa wanaohitaji kiti katika makundi matatu, na kila kundi huandikwa kwa herufi nne. WCHR ni yule awezaye kupanda ngazi na kufika kitini mwake, lakini hawezi mwendo mrefu wa kiwanjani. WCHS ni yule asiyeweza ngazi, ingawa ndani ya ndege aweza kujikokota mpaka kitini. WCHC ni yule asiyeweza kutembea kabisa, ambaye hana budi kusaidiwa mpaka kitini pake. Yeye huletewa kiti chembamba chenye kupita katika ujia wa ndege.

Baba alikuwa wa kundi la kwanza. Ni muhimu kusema ukweli ulivyo, bila kupunguza kwa ajili ya haya wala kuongeza kwa ajili ya kuhurumiwa. Asiyeweza ngazi akijiandikisha kwa herufi za anayeziweza, atafikishwa chini ya ndege na kuambiwa apande. Na anayeziweza akijiandikisha kwamba hawezi, huenda akaliweka kazini gari la kuinulia abiria, huku mwenye kulihitaji kweli akingoja.

Huduma hii haina malipo. Katika nchi za Umoja wa Ulaya imewekwa na kanuni ya mwaka 2006, iliyoanza kutumika kikamilifu mwezi wa Julai 2008. Kanuni hiyo inawatwika wenye kiwanja wajibu wa kumhudumia abiria, naye anatakiwa kutoa taarifa saa 48 kabla ya safari. Akichelewa kutoa taarifa hafukuzwi. Watajitahidi kadiri wawezavyo, ila asishangae akingojeshwa. Marekani wajibu huo ni wa shirika la ndege lenyewe, kufuatana na sheria ya mwaka 1986. Kwa hiyo msafiri apaswa kujua, katika kila nchi, ni mlango gani wa kubisha.

ENTEBBE, MBELE YA WATU

Siku ya safari tulifika Entebbe saa tatu kabla ya ndege kuondoka. Upepo wa ziwa ulikuwa ukivuma taratibu. Nilikwenda kwenye dawati la shirika, nikataja jina la Baba na ombi letu, na baada ya muda mfupi akatokea kijana nadhifu akisukuma kiti.

Baba alikitazama kiti kile kama atazamavyo mtu mto uliofurika. Kisha akaketi, mgongo wima, bakora kati ya magoti, mikono juu ya bakora. Kijana akamwangalia mara moja, akasimama sawasawa na kusema, "Jambo, Afande."

"Umenijuaje?" Baba aliuliza.

"Mimi nami nimezaliwa kambini, Mzee. Anayeketi hivyo ni askari."

Tangu hapo sikuwa na kazi ya kumbembeleza. Waliongea habari za kambi mpaka kwenye ukaguzi. Hapo bakora ilipitishwa katika mashine pamoja na mizigo ya mkononi, na Baba alipopita mlangoni kengele ikalia kwa sababu ya chuma cha pajani. Mkaguzi alimpapasa kwa mikono, kwa adabu, akamruhusu. Mwenye chuma mwilini asiogope kengele hiyo. Na aseme mapema kabla haijalia, ili asidhaniwe kuwa anaficha jambo.

Tuliitwa kupanda kabla ya abiria wengine. Baba alipofika kitini hakuwa hata na jasho. Alinitazama kidogo, akasema tu, "Lori hili si baya." Mama alitazama dirishani ili asionekane akicheka.

TULIPOACHWA KONANI

Lakini safari haikosi bonde. Tulibadilisha ndege katika mji mmoja mkubwa ambao sitautaja. Tulikuwa na saa mbili tu za kungoja. Mhudumu mmoja alitupokea mlangoni pa ndege, akatusukumia Baba mpaka ukumbi mmoja walikokuwa wameketi watu wengine tisa katika viti kama chake, akasema, "Subirini hapa," akaenda zake.

Tulisubiri. Dakika 20 zikapita, zikawa 40. Wengine walichukuliwa mmoja mmoja, sisi tukabaki. Nilipokwenda kuuliza, bibi wa dawatini alitafuta katika kompyuta yake, kisha akaniambia jambo lililonipoza moyo: katika safari ya kutoka Entebbe, Baba aliandikwa kuwa anahitaji kiti, katika safari ya pili, ya kwenda Barcelona, hakuandikwa. Aliyetukatia tikiti alikuwa ameliingiza ombi letu katika kipande kimoja cha safari na kukiacha kingine. Nami nilikuwa nimeambiwa kwamba mambo yote ni tayari, nikaamini, nisihakikishe.

Lango la ndege yetu lilikuwa mbali sana. Baba alipoona nahangaika alisimama, akashika bakora, akasema, "Twendeni kwa miguu." Tulikwenda. Alitembea bila kusema neno, na kila baada ya hatua kadhaa alisimama kama mtu anayetazama maduka, nami nilijua kwamba hatazami maduka. Tulipofika langoni mlango ulikuwa umefungwa. Ndege tuliiona kwa macho yetu kupitia kioo, ikirudishwa nyuma.

Ndugu msomaji, sijapata kuona haya kama siku ile. Baba aliketi na kuinyosha mguu wake juu ya mkoba. Goti lilikuwa limevimba kama boga. Hakunilaumu. Alisema tu, "Katika kazi yetu, amri isiyorudiwa na aliyeipokea haijapokelewa." Maana yake niliielewa: yafaa umwambie karani akusomee yale aliyoyaandika.

Tulipewa nafasi katika ndege ya asubuhi. Usiku ule wazee walilala kwenye viti virefu vya ukumbi, Baba akiwa ameiweka bakora kifuani kama bunduki. Nami sikulala. Nilikuwa nikihesabu saa. Meli ya watalii haimngojei mtu. Usajili hufungwa kabla ya kuondoka, nayo huondoka. Lau kama tungalipanga kufika siku ile ile ya meli, safari iliyodundulizwa kwa miaka mitatu ingalipotea kwa sababu ya mstari mmoja ambao haukuandikwa. Ile siku ya ziada aliyoiita Baba ufujaji wa mali ndiyo iliyotuokoa.

Asubuhi, kabla ya kuondoka dawatini, nilimwomba karani anisomee herufi nne kwa kila kipande cha safari, kwenda na kurudi. Alisoma. Nikaandika katika daftari langu.

MJI ULIOJIFUNZA

Barcelona tulifika saa nne asubuhi, siku ya meli. Mlangoni pa ndege alikuwapo mwanamke mwenye kiti, mkononi ana karatasi yenye jina la Baba. Jengo tulilotua, lililofunguliwa mwaka 2009, ni kubwa na sakafu yake hung'aa kama maji. Mwendo wa kutoka kwenye ndege mpaka nje ungalimmaliza Baba kwa jinsi goti lilivyokuwa. Mama yule alituvusha kwenye uhamiaji, akangoja mizigo nasi, akatufikisha mpaka kaka alipokuwa amesimama. Kaka alipomwona Baba kitini alishtuka, maana alijua ukaidi wake. Baba akamwambia, "Usinitazame hivyo. Salimia."

Kiwanja kiko kusini-magharibi mwa mji, na njia ya bandarini hupita chini ya mlima Montjuïc. Kaka, ambaye amekwisha kufika huko mara kadhaa, alituonyesha mlimani ulipo uwanja wa Olimpiki wa mwaka 1992. Mwezi wa Septemba mwaka huo huo, akasema, mji uliandaa pia michezo ya Olimpiki ya walemavu, ukapokea wanamichezo wengi wa viti vya magurudumu. Kwa ajili ya michezo hiyo mji ulilazimika kujiuliza mtu wa kiti atapandaje kando ya barabara, ataingiaje garini, atapitaje mlangoni. Leo katika njia kuu nyingi kingo za barabara zimeteremshwa kwenye vivuko. Nilimwona mzee mmoja akijiendesha peke yake katika kiti chake, mkate mapajani, wala hakuna aliyegeuka kumtazama. Baba alimwangalia mpaka alipopotea machoni.

Karibu na bandari, mwisho wa mtaa uitwao La Rambla, umesimama mnara wa Columbus wa urefu wa mita 60, uliojengwa kwa maonyesho ya mwaka 1888. Kutoka hapo gari letu lilivuka daraja kubwa liwezalo kufunguka katikati ili vyombo vipite, likatufikisha kwenye gati refu linaloitwa Moll Adossat. Na hapo meli yetu ilikuwa imetia nanga, nyeupe, ndefu, yenye ghorofa nyingi kuliko jengo lolote nililopata kulala ndani yake.

MKONO WA TATU

Hapa ndipo nilipojifunza jambo ambalo wasafiri wengi hawalijui. Msaada wa kiwanja cha ndege huishia kwenye kiwanja. Hauvuki nawe mpaka bandarini. Shirika la ndege, kiwanja na meli ni mikono mitatu tofauti, na kila mmoja huombwa peke yake. Kaka alikuwa amewaandikia wenye meli wakati wa kulipia nafasi, kwa hiyo gatini palikuwa na mtu mwenye kiti. Kwa bandari za Umoja wa Ulaya ipo kanuni ya mwaka 2010, inayowahusu hata abiria wa meli za watalii, nayo pia inataka taarifa ya saa 48.

Kiti cha gatini, hata hivyo, ni cha kupandia na kushukia. Ukishafika chumbani hurudishwa, na kwa kawaida meli haimwazimi mtu kiti cha kutembelea siku zote. Anayekihitaji kila siku aje na chake au akikodi mapema. Kaka alikuwa amekuja na kiti chepesi cha kukunja. Kiti cha namna hiyo hubebwa na ndege bila malipo; kikiwa cha betri, shirika lielezwe mapema aina ya betri na nguvu yake, kwa sababu betri za lithiamu zina masharti yake kwa kuhofia moto.

Tena, dawa zikae katika mkoba wa mkononi. Gatini mizigo mikubwa huchukuliwa na wapagazi na kuletwa chumbani saa kadhaa baadaye. Mwenye dawa ya shinikizo la damu asije akangoja sanduku.

Bandari yetu ya kwanza ilikuwa Villefranche, kusini mwa Ufaransa. Hapo meli kubwa haifiki gatini. Hutia nanga ghubani, na abiria hupelekwa nchi kavu kwa mashua. Siku ile mawimbi yalikuwa yakizichezesha mashua, na ofisa wa meli alisema kwa upole kwamba mwenye mguu kama wa Baba asijaribu kuvuka. Nilidhani Baba atakasirika. Badala yake aliagiza chai, akaketi sitahani akiukabili mji ule wenye nyumba za rangi ya machungwa, akasema, "Nendeni. Leo mimi ni mlinzi wa zamu." Tuliporudi jioni alitupa taarifa kamili: mashua ngapi zimekwenda, ngapi zimerudi, na ipi ilimchelewesha nahodha.

Naples meli ilifunga gatini kabisa. Baba alishuka na kiti cha kukunja, kaka akimsukuma, Mama akitembea kando yake. Mbele ya duka la samaki alisema, "Simama," akainuka, akatembea kwa bakora yake mpaka ndani, akachagua, akabishana bei kwa vidole na mwenye duka ambaye hawakuelewana naye hata neno moja. Alipochoka alirudi kitini. Nguvu alizozihifadhi njiani alizitumia mahali alipopenda mwenyewe. Nadhani huo ndio muhtasari wa habari yote ya kiti cha magurudumu.

KURUDI

Usiku wa mwisho masanduku huwekwa nje ya mlango wa chumba ili yateremshwe. Asubuhi watu maelfu hushuka kwa zamu, na wanaohitaji viti hukusanyika katika ukumbi wao na kungoja wasukumaji, ambao ni wachache kuliko wanaongoja. Sisi tulingoja karibu saa nzima. Kwa hiyo asikate mtu tikiti ya ndege ya asubuhi siku ya kushuka melini. Ya alasiri ndiyo yenye usalama. Yetu ilikuwa ya saa tisa, nasi tulifika kiwanjani bila kukimbizana.

Katika ule ule mji tulikoachwa konani, mhudumu alikuwa akitungoja mlangoni. Kando yetu palikuwa na mwanamume wa makamo, mguu mmoja wa bandia, akichechemea kwa shida huku mkewe akimsihi akubali kiti. Alikataa akisema Kiswahili cha Kongo. Baba alimwomba mhudumu asimame, akamwita yule bwana.

"Ndugu yangu, ulikuwa askari?"

"Ndiyo, Mzee."

"Walipokuletea lori, ulilikataa?"

Yule bwana alicheka, kwanza kidogo, kisha sana. Tulipoangalia nyuma, mkewe alikuwa akiongea na mtu wa dawatini.

Ndugu msomaji, si kila mtu atapanda meli ya watalii, nami nisingeipanda lau si kaka. Lakini wapo wengi miongoni mwetu wanaopeleka wagonjwa India kwa matibabu, au wanaokwenda kuwatazama wana wao ng'ambo, na taratibu ni zile zile. Omba mapema. Sema ukweli wa mwili wako. Hakikisha ombi limeandikwa katika kila kipande cha safari, kwenda na kurudi, na usomewe. Acha muda wa kutosha kati ya ndege na ndege, na siku nzima kati ya ndege na meli.

Tulipotua Entebbe ilikuwa usiku, mvua inanyunya. Kijana yule wa kwanza hakuwako zamuni, alikuwapo mwingine. Baba aliketi kitini kabla hata hajaombwa, akaweka bakora mahali pake, mgongo wima, akasema, "Endesha, kijana. Mama amechoka."